Nimemwambia Mama Sifa Nani Aliyesema Kesho

Mume wangu, Papa Furaha,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ni zile zile herufi zangu za katekisimu, kubwa na zilizopinda, ulizokuwa ukizicheka. Nimekaa hapa Mushaki, kwenye baraza ya kaka yangu. Furaha amekwenda kuchuma mboga na mke wa mjomba wake, nyumba imetulia, nami nina jambo moja la kukuambia kabla hawajarudi. Nilikuahidi kunyamaza, na sikunyamaza. Nimemwambia Mama Sifa kwamba siku ile maharagwe yake yalipong'olewa ili kambi yetu ijengwe, si wewe uliyekataa kungoja mavuno. Ni mimi.

Nakuona ukitikisa kichwa. "Adela, kinywa yako hailalake." Ndiyo, hakilali. Lakini neno hili nililifungia ndani miaka tisa, na wewe ni shahidi wangu kwamba kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi kubwa. Barua hii sitaificha. Furaha ataisoma akikua, na yeyote mwingine atakayetaka, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Wewe ulikuwa kaporali katika jeshi la Wabelgiji, mtu wa tambarare, kutoka kule kwenye mto mkubwa nyuma ya Kasongo, mahali ambapo ulisema mtoto akimkimbia mama yake anaonekana siku nzima. Mimi ni binti wa hapa, wa milimani. Ulinikuta sokoni nikiuza viazi, ukanunua vingi kuliko askari wenzako walivyoweza kula, na siku ya soko iliyofuata ukarudi tena. Mama yangu akasema, "Huyu kaporali, njaa yake haiko ya biazi." Tulifunga ndoa misheni ya Masisi, wewe umevaa buti zinazong'aa, mimi miguu mitupu, na padri akatuambia tuwe nyumba moja. Hakutuambia nyumba yenyewe itajengwa wapi.

Hatukumaliza mwaka, litena wako, ofisa wenu, yule Mbelgiji kijana mwenye nywele nyekundu, akapewa amri. Baada ya fujo za upande wa pori, wakubwa walitaka kambi ndogo mpakani, pale milima ya Masisi inapoteremkia msitu wa Walikale, juu ya njia ya kwenda Kashebere. Askari kumi na wawili na wake zao. Mahali achague litena. Akakuchukua wewe umsaidie, kwa kuwa ulijua kuandika na kwa kuwa saa ya kambi ilikaa kwako. Wewe ndiye uliyekuwa mpiga tarumbeta.

Mlizunguka siku nyingi. Uliporudi ulitia miguu katika beseni la maji ya moto, ukaanza kunieleza. Chini kabisa, kando ya mto, maji yalikuwa mlangoni na njia ya Kashebere ilipita karibu. Lakini mto ule hufura mvua zikizidi, mbu ni wengi, na kila mwenye hasira angeweza kusimama juu na kuviringisha jiwe mpaka ndani ya chungu cha mtu. Juu kabisa, kileleni, mliona huku milima yote mpaka karibu na Masisi, na huku msitu wa Walikale mpaka macho yakachoka. Ila upepo ulikuwa mkali na maji yalikuwa chini. Litena alikipenda kilele. Askari gani hapendi kuona mbali? Lakini alikuwa mtu wa haki, hilo simnyimi, akauliza kwanza maji yako umbali gani. Akakutuma upime.

Hapo ndipo ulipokosea, mume wangu, na kosa lenyewe lingeweza kufanywa na mtu wa tambarare tu. Ulishika saa, ukateremka mpaka kijitoni bila mzigo. Dakika kumi na tano. Ukanywa, ukanawa uso, ukaandika kwenye daftari la litena: maji, dakika kumi na tano. Kurudi hukupima. Kwenu njia ya kwenda mtoni na njia ya kurudi ni moja, na urefu wake ni mmoja. Hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba mlima una njia mbili, ya kushuka na ya kupanda, na zinafanana jina tu. Ulipanda ukipiga soga na mwindaji mmoja wa Walikale aliyekuwa akipeleka nyama kavu sokoni, ukadhani ni maongezi yaliyokuchelewesha.

Litena akasoma dakika kumi na tano, akafunga daftari. Kambi ikawa juu.

Nitasema kweli: siku ya kwanza nilipofika kileleni nilinyamaza, na unajua ni mara chache. Ulinishika bega ukasema, "Ona, Adela. Hata kwetu hatuonake mbali hivi." Tulijengewa vibanda vya majani vya kuanzia, huku watu wa vijiji wakiamriwa kukata miti ya nyumba zenyewe. Siku ya nne ukungu ukashuka na ukakaa. Askari wa zamu hakuiona hata buti yake. Wanawake tukacheka, tukasema jicho la serikali limeingia mtoto wa jicho. Tulicheka siku hiyo tu.

Maji yalituondolea kicheko. Wenzangu wengi walitoka nchi za tambarare kama yako, wamezoea kubeba kichwani, na kwenye njia ile mtungi wa kichwani hauna maisha marefu. Walivunja mitungi, wakavunja na magoti. Mimi niliwafundisha kubeba kikwetu, mtungi mgongoni, kamba ya gome kwenye paji la uso, unapanda ukitazama vidole vya miguu yako. Wakawa wanamlaani kila siku "ule mwenye alipima". Hawakujua ni nani. Mimi nilijua, daftari nililiona. Nikawa napanda nao, nakunyamazia, na mimba yangu inaingia mwezi wa tano.

Kisha asubuhi moja, kwenye kona ya jiwe kubwa, niliona damu. Kidogo tu. Nilikaa chini, nikamwaga maji yote, nikapanda na mtungi mtupu.

Wewe ulitaka kutuma mtu Masisi amlete mwuguzi. Nikakuambia, "Sitake mwuguzi. Minataka upime."

"Nilishapima."

"Ulipima kushuka. Pima kupanda. Na mutungi ikuwe imejaa."

Ulinitazama kama nimekuambia uvae kitenge changu. Mwanamume habebi maji, si kwenu, si kwetu, na kaporali mwenye kamba kwenye paji la uso, hata mbuzi wangemcheka. "Bantu bataniona," ukasema.

"Kuko ukungu. Hakuna muntu atakuona."

Ukaenda. Mimi nilisogea polepole mpaka kwenye lile jiwe kubwa, nikakungoja na saa yako mkononi, nikihesabu tangu ulipopiga mluzi kijitoni. Ulipoibuka kwenye ukungu ulikuwa umeinama, buti zinateleza, maji yanakumwagikia shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kukucheka. Nilikuwa hata na maneno tayari. Tukapanda pamoja kipande kilichobaki. Juu ukakaa chini matopeni na kamba bado iko kichwani.

"Ngapi?" ukaniuliza.

"Dakika makumi tano na mbili."

"Na weye unafanyaka hivi mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku."

Ukalia, Papa Furaha. Ukalia kimya, maji ya mtungi na ya macho yakawa kitu kimoja. Siku ya misheni nilikupenda, lakini siku ile nilikupenda zaidi, na sikuwahi kukuambia kwa sababu nilidhani unaona.

Nilikuomba usiende kwa litena na ukweli mtupu. Ungeweza kusema kijito kimekauka, au njia imebomoka kwa mvua. Nani angekwenda kuangalia? Ukakataa. "Daftari njo ilidanganya, na mukono yenye iliandika njo hii." Ukaenda siku ile ile, ukamwambia litena kwamba hesabu yako ilikuwa ya mtu anayeteremka bila mzigo. Alikasirika sana, na alikuwa na haki. Wiki tatu watu wa vijiji walikuwa wamepandisha miti mabegani kwa sababu ya mstari mmoja wa kalamu. Akakusimamisha mbele ya askari, akaukata utepe wa ukaporali kutoka kwenye mkono wa shati lako. Wake wa askari hawakujua kwa nini. Waliona tu kwamba litena ameamuru mahali pengine patafutwe, wakaamua ni mzungu mwenye huruma, wakamchezea ngoma. Na wewe ulisimama pale, mkono wa shati una nyuzi zinazoning'inia, ukipiga makofi. Nilitaka kupiga kelele.

Basi nani alitaja bega la mlima? Mimi. Nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza, pale chini ya kilele vilima viwili vinapokutana. Upepo unapita juu yake, na chini ya miamba, hatua chache, kuna chemchemi. Ukampeleka litena. Alikaa kwenye nyasi na ramani magotini, akageuza kichwa huku na huku. Akasema, kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata, "Hapa maji iko karibu. Njia ya Masisi, naona. Pori, sione."

Ukamjibu, "Litena, ule muwindaji aliniambia, bantu ya pori habapitake mu njia. Banapitaka chini ya miti. Hata kule juu hatubaone. Tunaonaka miti tu."

Ulisema litena alicheka, mara ya kwanza tangu akukate utepe. Akapima moyoni mwake: kuona mbali upande mmoja, maji na kinga ya upepo upande wa pili. Akaamua askari wawili wakae zamu kileleni na wabebe maji yao wenyewe, na kambi yote ishuke begani. Kila upande ulipoteza kitu kidogo ukapata kikubwa. Mimi nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu bega lile lilikuwa na mahali pamoja tu palipo bapa, na ubapa wote ulikuwa shamba la Mama Sifa. Alikuwa mjane, yeye na binti yake Sifa, wakulima wa pale tangu mababu. Mzee wa kijiji aliitwa, akasema ardhi ni ya Mwami, chifu wetu mkuu, na Mwami hawezi kumkatalia litena. Mama Sifa angepewa kipande kingine juu zaidi, kwenye mashina ya miti, penye mteremko ambao mtu anapanda kwa mkono mmoja na kujishikilia kwa mwingine. Na maharagwe yake yalikuwa yametoa maua.

Litena akakuachia wewe uchague siku. Kwake ilikuwa sawa kuhama sasa au baada ya mavuno, mwezi mmoja na nusu haukuwa kitu. "Weye njo ulikosea, weye njo utachagua." Ukaja kwangu jua likiwa utosini. Nilikuwa namenya viazi.

"Juma sita, Adela," ulisema. "Maharagi iko na maua."

"Na miye niko na mutoto."

Ukachuchumaa mbele yangu. Ukasema utanichotea maji wewe mwenyewe majuma yote sita, mchana kweupe, anayecheka acheke. Ulikuwa unasema kweli, nilikuona machoni. Na mimi nikakataa. Nilikiogopa kile kilima. Nilikuwa nimefikia hatua ya kulala nikiiona ile kona, ile damu kwenye jani. Sikutaka maji yaletwe juu, nilitaka kuondoka juu.

"Basi niseme nini?"

"Sema kesho."

Nataka Furaha akisoma hapa aelewe vizuri. Sikusema kesho kwa kutojua. Mimi ni binti wa wakulima. Najua ua la haragwe maana yake nini: kikapu cha mwaka jana kimefika chini, na mtu anahesabu siku kwa kutazama maua. Nilikuwa nimepita kando ya shamba lile, nikayaona, meupe, nikasema moyoni kwamba huyu mama anajua kulima. Kisha nikasema kesho.

Hukumtuma mtu. Ulikwenda wewe kumwambia, na ukanirudia na maneno yake. Alikuuliza, "Nani amesema haiwezi kungoja?" Ukajibu, "Ni miye, mama." Akakuuliza, "Weye haukuzaliwa na mwanamuke?" Ukanieleza hivyo huku unanawa mikono, unanawa tena, ingawa hukuwa umeshika kitu. Nikaanza kulia, nikasema nakwenda sasa hivi kumwambia ni mimi. Ukasimama mlangoni.

"Usimwambie, hata siku moja. Acha anichukie miye. Miye niko soda, niko askari, bantu banazoea kuchukia soda. Weye njo utachota maji naye."

Nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali, hilo nalo niliseme.

Mwaka ule Mama Sifa alipata njaa. Alikwenda mpaka Kashebere kulima mashamba ya watu ili apewe chakula, na ukawa unapunguza posho yako, unaniambia, "Mupelekee. Sema ni yako." Nilipeleka, nikashukuriwa mimi. Na mchana ule wa mvua uchungu uliponishika, barabara imekuwa tope, mwuguzi yuko Masisi, wenzangu wote wameteremka sokoni, mwanamke aliyekuwa karibu kunisikia ni mmoja. Alikuja akikimbia na majani ya mgomba kichwani. Yeye ndiye aliyempokea Furaha, yeye ndiye aliyemkata kitovu. Akamgeuza usoni akasema, "Anafanana na baba yake, masikini," tukacheka wote wawili, mimi nimelala nimechoka, na neno liko hapa kooni. Halikutoka. Ungethubutu wewe? Mtu amekushikia mtoto aliye hai, umwambie mtoto huyu ndiye maharagwe yako?

Tangu hapo tukawa kitu kimoja, mimi naye. Sifa alimbeba Furaha mgongoni mpaka akaanza kutembea. Sombe, majani ya muhogo, tulitwanga kwenye kinu kimoja, ibada tulikwenda pamoja, na nilipougua macho alinilimia. Na wewe kila asubuhi, ukienda kupiga tarumbeta, ulipita mbele ya nyumba yake. "Jambo, Mama Sifa." Naye anageukia chungu. Utepe wako ulirudishwa baada ya miaka miwili, ukapita nao mkononi, "Jambo, Mama Sifa," naye anafagia. Miaka tisa! Nilikuambia uache basi, unajidhalilisha bure. Ukanijibu, "Salamu haiozake." Nilikasirika nikakupikia ugali mgumu siku tatu, ukaula bila neno. Sikuwa na hasira na wewe, mume wangu. Nilikuwa sipendi kujiona.

Kifua kilikushika mvua zilizopita. Siku nne tu. Askari walikuzika kwenye mteremko nyuma ya kambi, wakapiga bunduki hewani, na Mama Sifa alikaa nami matanga yote, akipika, akilala kwenye mkeka wangu, akimnyoa Furaha nywele. Lakini ulipotolewa nyumbani hakuinuka. Alibaki kando ya moto. Aliponiona namtazama akasema, "Ninakulilia weye. Yeye similie." Wewe hukuwepo kunizuia, ungefikiri ningesema hapo. Nilivuta kitenge usoni nikatoka nyuma ya jeneza.

Kisha kambi yenyewe ikahama. Siku hizi malori yanafika Kashebere, na litena aliyepo sasa, mwingine kabisa, haulizi tena wapi panaonekana mbali wala wapi pana maji. Maji yanakuja na lori. Mahali pazuri pa kambi ni pale lori linapoweza kugeuka. Yote yale mliyopima wewe na yule mwenye nywele nyekundu, utepe wako, maharagwe, hakuna anayeyajua. Walibomoa nyumba, wakachukua mabati ya ghala, wakaniambia mjane arudi kwao. Kaka yangu akaja kutuchukua.

Hapo nikajua kwamba siwezi kunyamaza tena. Kaburi halibebwi mgongoni. Ningeondoka nikuache peke yako kwenye mteremko ule, na jirani pekee uliyebaki naye ni mtu anayekupa mgongo kwa kosa langu. Nani angeng'oa majani juu yako? Nani angewakemea mbuzi?

Nilimkuta Mama Sifa kwenye uwanja wa gwaride. Kijiji kimemrudishia kipande chake, na alikuwa anakivunja kwa jembe. Kigumu, kimekanyagwa na mabuti miaka tisa, jembe linaruka. Nilichukua jembe lake la pili nikalima kando yake mpaka mstari mmoja ukaisha, kwa sababu mikono ikifanya kazi kinywa kinapata nguvu. Kisha nikasema. Nilisema lote: daftari, mtungi, damu, majuma sita uliyotaka kunichotea, na neno kesho lilitoka kinywani mwa nani. Nikasema na posho ile ilitoka kwa nani.

Akaacha kulima. "Weye?"

"Miye."

"Na yeye alijua?"

"Njo alinikataza nisiseme."

Nilitegemea kofi. Ningelipokea. Alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole, akasema taratibu, "Mimba na damu? Hata miye ningesema kesho." Nikaanza kupumua. Akaendelea, "Lakini miye ningekuambia. Miaka tisa unakula kwangu, Adela."

Hakuniita Mama Furaha. Aliniita jina langu, kama mtu unayekutana naye mara ya kwanza. Usiniulize kama amenisamehe. Kesho yake tulipoondoka alimkumbatia Furaha akamlilia, na mimi alinipa mkono, basi. Inaniuma, na nadhani ni haki iniume, maana uzito huu niliubebesha mgongo wako ulipokuwa hai, nao haukuwa wako.

Lakini hilo ni la kesho yake. Siku ile, pale uwanjani, aliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye nguo yake, akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kaburi yake iko wapi?"

Hakuwahi kufika, unajua. Nikamtangulia. Tulipokaribia akaniambia, "Weye baki hapa." Nikabaki kwenye mashina ya migomba. Nilimwona akisimama mbele yako, mikono imening'inia. Kisha akachuchumaa, akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu, mara anatikisa kichwa, mara anagusa udongo. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwenu, sikusikia hata neno moja. Aliporudi alinipita bila kunitazama, akaenda kuchukua jembe lake.

Alichokuambia ni chenu wawili, Papa Furaha, sitakiuliza. Ila kama alikusalimu, mwitikie.

Mkeo,
Mama Furaha